Kijikombe cha kahawa juu ya boneti ya marehemu baba

Injini ya baba ilikuwa ing'olewe leo.
Haikung'olewa. Ngojeni niwape kisa.

Asubuhi kakangu Athumani kaja na fundi kutoka Muyeye. Ati ile Landkruza kuukuu aliyotuachia marehemu baba itiwe injini ndogo ya silinda nne.

"Silinda sita za nini siku hizi? Inakunywa mafuta kama imefunga mwezi mzima!"

Nimemsihi, wapi! Fundi keshatandaza spana.

Mara mama huyo, katoka jikoni na kijikombe cha kahawa chungu, kimejaa hadi mdomoni. Akakiweka juu ya boneti.

"Washa."

Nikawasha. Jamani, ule mngurumo! Mzito, umetulia, kama mtu anayevuta uradi. Nikakanyaga mafuta. Hata tone halikumwagika.

Athumani akacheka. "Mama, gari lolote litafanya hivyo."

"Haya, washa lako."

Akawasha pikapu yake ya silinda nne, akashuka, akaja kusimama mbele ya boneti kwa maringo. Mama akahamishia kijikombe huko.

Kwa mtetemo wa injini, kikaanza kutembea. Wallahi kilitembea! Kikafika ukingoni, kikamwaga kahawa yote kwenye kanzu nyeupe ya Athumani ya Ijumaa.

Fundi akaanza kukusanya spana, kauma midomo asicheke.

Mama akaokota kijikombe chake. "Vua kanzu nikufulie. Injini ya babako iache ilipo."

Anayebisha aje na gari lake. Kahawa bado ipo.