Siku Niliyomuua Mzee Ambakisye kwa Meseji

Bora niseme mwenyewe, maana mtaa mzima wa Ilomba wanaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake. Ni kweli, mimi ndiye niliyeandika kwamba Mzee Ambakisye amekufa, niliandika kwa vidole vyangu, saa tano asubuhi, na akili zangu zote ninazo. Ila sikukosa peke yangu, na wenzangu nitawataja, kwa sababu wao wanapita barabarani wanasalimiwa vizuri na mimi ndiye ninayeitwa Mtoa Roho.

Wa kwanza ni Gervas wa Iringa, aliyetutengenezea tovuti ya chama chetu cha kuzikana. Tovuti yenyewe ina kazi moja kubwa: mtu akifariki, katibu anaandika tangazo, analitia kwenye folda ya matangazo, na kama neno la kwanza ni MAREHEMU basi inatuma meseji kwa wanachama wote, Mbeya, Chimala mpaka Iringa, bila kumuuliza mtu. Sasa ndani ya tovuti kuna maandishi yanaitwa kodi (si ile ya serikali), na yamegawanywa vipande vinaitwa fanksheni, kila kimoja kina jina lake na kazi yake, ukikiita kinafanya. Gervas, kwa utani wake wa kijinga, vipande hivyo alivipa majina ya wajumbe wa kamati. Kile kinachopanga wanachama kwa kata akakiita ambakisye, kwa sababu Mzee Ambakisye ndiye aliyelalamika kwamba ameandikwa kata isiyo yake. Cha kuandika tarehe akakiita mama_tumaini. Kingine mwinjilisti. Akasema, "Kila aliyedai kitu nimemwekea jina, asije akasema sikumsikiliza."

Wa pili ni katibu wetu, Lwitiko. Kampuni inayotuhifadhia tovuti ilituandikia kwamba Ijumaa wanahamia toleo jipya, na kodi zenye fanksheni za kizamani zitagoma. Lwitiko akaja mbio kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu.

"Fundi, tovuti ikizima na mtu akafa, tutaitanaje?"

"Tumpigie Gervas."

"Gervas yuko mbali, wewe uko hapa. Nitafutie za kizamani zote, niandikie orodha nikaisomee kamati. Na uandike Kiswahili cha kueleweka. Weka mahali nitakapoiona kwa simu."

Mimi ni wa darasa la saba, kompyuta nimejifunza kwa kuangalia video, lakini kutafuta neno kwenye faili naweza. Gervas alinitajia kwa simu maneno ya zamani ambayo toleo jipya haliyajui, akaniambia nifanye kwanza nakala kwenye mashine yangu nitafutie humo (hapo hakukosea, nakiri, ila kuhusu ile folda hakunikumbusha). Nakala nikaona ni madoido ya wasomi. Nikaingia kwenye tovuti yenyewe, nikapekua faili moja moja, nikakuta yale maneno yamejaa ndani ya ambakisye na wenzake. Nikaanza orodha. Kichwa cha habari, "zilizopitwa na wakati" nikaona ni kirefu. Nikaandika MAREHEMU, nikacheka peke yangu.

Na huku kwetu hatuhangaiki na sarufi, tunasema gari amekufa, redio amekufa, na hakuna anayekamatwa. Kwa hiyo niliandika hivi: "MAREHEMU. Ambakisye amekufa kabisa. Mama Tumaini amekufa nusu, anaweza kufufuka. Mwinjilisti amekufa ila wenzake bado wanamwita. Wote waondolewe kabla ya Ijumaa, wakibaki wataua na wengine."

Nikaiweka kwenye folda ya matangazo, kwa sababu ndiyo folda pekee Lwitiko anayojua kuifungua.

Simu yangu ikalia. Nikaona MAREHEMU, nikavua kofia kwa heshima, nikaanza kusoma. Nilipofika "amekufa nusu" nikatambua ni orodha yangu. Nilifuta lile faili haraka, lakini meseji zilishaondoka, na zile fanksheni nilizoziandika marehemu ndizo zilizozipeleka, bila kukosea hata namba moja.

Kilio kikaanza nyumba ya nne kupanda kutoka kibanda changu. Kwa Mzee Ambakisye.

Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda Chunya kwenye shamba la tumbaku la mdogo wake, na simu yake haipatikani. Mkewe, Mama Ipyana, ni mgonjwa wa moyo, sote tunajua, hata mtoto akivunja sahani kwake, yeye haambiwi. Aliposomewa ile meseji alianguka mlangoni, wakambeba mpaka zahanati. Nikawafuata nyuma, maana niliona wazi kwamba yule mama akikata roho, nimeua mtu kweli, si kwa simu.

Pale zahanati Mama Tumaini akanivamia, kanga kiunoni. "Fundi! Mimi nimekufa nusu? Nusu gani, ya juu au ya chini?"

"Mama, ni fanksheni…"

"Na wewe ni nani wa kunifufua?"

Watu hawakucheka. Mmoja akasema, "Huyu vifo kavijuaje kabla?" Mwingine akasema, "Na Ijumaa kapanga nani?" Nikawaona wanasogea. Lwitiko alikuwepo, nikamwangalia anisemee, naye akasema kwa sauti, "Mimi niliagiza orodha, sikuagiza maiti." Sitamsahau.

Ipyana, mtoto wao mkubwa, dereva wa lori, akaja akasimama mbele yangu. "Kaa hapo kwenye ngazi, Fundi. Ukiinuka watasema umekimbia, na mimi sitawazuia. Omba mama aamke."

Nikakaa. Iringa wakapiga kuuliza wapande basi wangapi na majeneza ni matatu au mawili na nusu. Nesi akatoka, akatikisa kichwa, presha haishuki. Niliomba maombi yote niliyofundishwa utotoni, nikachanganya na ya chakula.

Saa nane simu ya Ipyana ikalia. Mzee Ambakisye! Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao, ile meseji ikaingia.

"Nimepata taarifa ya msiba wangu," akasema. "Nani kaniua?"

Ipyana alikimbia ndani akaiweka simu sikioni kwa mama yake. Tulimsikia mpaka nje.

"Ambakisye, uko wapi?"

"Chunya."

"Chunya ya hapa duniani?"

Mimi nililia pale kwenye ngazi, mtu mzima, mbele ya watu.

Presha ilishuka jioni. Kamati ikanipitisha nyumba kwa nyumba kutangaza walio hai, na mwalimu mmoja mstaafu akanifokea, "Ungeandika imekufa, herufi moja tu!" Gervas alifanya nakala, akarekebisha kodi, akafuta yale majina, akashukuriwa kwa makofi. Lwitiko bado katibu. Mimi nimeapa: kodi ya mtu sigusi bila nakala, na kitu kisicho na pumzi siandiki tena kwamba amekufa, hata betri.

Lakini mpaka leo Mzee akichelewa kurudi, Mama Ipyana hampigii yeye kwanza. Ananipigia mimi, na sauti inamtetemeka: "Fundi, leo umeandika nini?"