Ng'ombe Niliyemkatalia Mkwe

Mnaotaka kunicheka, nichekeni, lakini msimamo wangu ni ule ule: mzazi amwozeshe mwanawe kwa kiasi, si mpaka abaki mtupu.

Jumamosi iliyopita tulitoka Nyabiyonza kwenda Igurwa, kwa wazazi wa mchumba wa mwanangu Anatoli. Tulipeleka mbuzi wa mahari tuliokubaliana, pamoja na vibuyu vya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Njia nzima nilimwambia mke wangu kwamba wakidai hata kuku wa nyongeza, watanitambua.

Hatujamaliza hata kibuyu cha kwanza, akaletwa uani mtamba mzuri mwenye pembe ndefu. Baba wa binti akakohoa.

"Mkwe," akasema, "kabla hatujaendelea, kuna jambo la ng'ombe. Watoto hawawezi kuanza maisha hivi hivi."

Mimi nikaelewa kwamba nadaiwa ng'ombe kama yule. Nikasimama wima.

"Sitoi!" nikafoka. "Mbuzi wametosha. Anatoli ana mikono, alime kahawa, anunue ng'ombe wake! Mimi nilipooa sikupewa hata ndama."

Mzee akanitazama kwa upole.

"Mkwe, huyu ni wangu. Nampa binti yangu, wapate maziwa."

Kicheko kilichozuka nadhani kilisikika mpaka Rugera. Mke wangu akanivuta kanzu. "Keti, Baba Anatoli, umetuaibisha."

Niliketi, masikio yakiniwaka moto. Lakini nilisema kwa sauti, kila mtu asikie: "Basi wakamue wenyewe!"