Nilivyoifuta Kikwajuni

Nnaikumbuka siku ile mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani nijizabe kofi. Nimeusikia wimbo wako wa mwanzo. Eti umezaliwa London! London ipi? Umezaliwa hapa hapa, ukalelewa Ansab kwa uji wa bibi yako. Nyamaza, usinijibu. Kaa usikilize.

Mwaka sitini na tisa nilikuwa kijana wa miaka ishirini, karani bandarini Matrah. Mimi na mama tulivuka bahari kutoka Unguja, tukaja huku kwa Waarabu baada ya mapinduzi, hatuna mbele wala nyuma. Vijana wa sokoni wakikicheka Kiarabu changu, wakiniita "Zinjibari." Basi nikawa naficha kwetu kama mtu anavyoficha kiraka cha suruali. Ujinga mtupu.

Kazini alikuwapo Mskochi mmoja, fundi wa mitambo, aliyewahi kukaa Mombasa akajua Kiswahili cha kuungaunga. Alikuwa na gita na tepurekoda. Wimbo wake wa kwanza kuutunga ulikuwa wa mji wao, kijimji cha wavuvi, na akiimba bila haya kuwa unanuka samaki na mvua haikatiki. Waingereza wakimcheka lafudhi, yeye ndo kwanza anaikaza. Wiki aliyokuwa anaondoka akaniambia, "Na wewe imba wa kwenu, niuchukue kwenye tepu."

Nikaimba ule alioutunga mama kunibembelezea: "Lala, mwanangu, lala, Kikwajuni baba yu mlangoni." Ila penye Kikwajuni, mtaa wetu wa Unguja, nikatia Matrah. Akaniuliza ni wimbo wa wapi.

"Wa hapa," nikasema. "Nimeutunga mwenyewe."

Mwongo mkubwa!

Siku ya safari akapita nyumbani kuaga, akamwekea mama tepu, akidhani anamfurahisha. Mama alianza kutabasamu. Ilipofika ile Matrah, uso ukambadilika. Lau angenipigia kelele ingekuwa nafuu. Alinambia taratibu, "Baba yako kafia kwenye mlango ule wa Kikwajuni. Na yeye umemhamisha?"

Mskochi alikuwa bado uani. Ningeweza kumwambia, "Subiri, turudie." Kiburi kikanifunga mdomo, akaondoka na tepu yake. Na mama, wallahi, hakuuimba tena mpaka anakufa. Nilimwomba, nikamlilia. "Si wangu ule," akisema, "wa mtu wa Matrah."

Mkataa kwao mtumwa, na mimi nilijiuza mwenyewe, hata mnunuzi hayupo. Kwa hiyo usiniambie ndivyo soko linavyotaka. Imba Kiingereza, imba Kiarabu, imba upendavyo, lakini mahali palipokulea pataje kwa jina lake, na aliyekulea usimfute. Mama yako yu hai na wimbo bado hajausikia. Inuka, nenda Hamriya kwa huyo fundi wako wa kurekodi, umwambie mnarudia. Leo, si kesho.

Haya, nenda. Mwenyezi Mungu akulinde na aibu niliyoishi nayo, aibariki sauti yako, na mama yako akiisikia aseme, "Huyu mwanangu."