Kikapu cha Marcelina Hakina Mto

Marcelina wa Buzebazeba anasuka matenga ya dagaa. Matete anakata mwenyewe bonde la Luiche, na tenga lake ulijaze dagaa, ulitupe juu ya lori, ulikalie, litafika Kasulu halijapasuka. Mimi nauza dagaa Kibirizi, najua ninachosema. Wasukaji wengine wapo. Matenga yao yanafaa kubebea kuku, tena kuku mpole.

Ana mtoto mmoja tu, Frida, aliyeolewa Ujiji na Martini seremala. Frida alipojifungua wa kwanza, mvulana, mama yake alimsukia kikapu cha kulalia. Sasa, mkono uliozoea tenga husuka tenga. Kikapu kikatoka na kina kirefu kama cha tenga la dagaa; ukimlaza mtoto anapotea, unaona ukingo tu. Na kwetu kuja kumwona mtoto ni kumwona kweli. Mtu katoka Kidahwe na kuku mkononi, umwonyeshe ukingo? Bibi akashona mto wa sufi, mnene, akautia chini. Mjukuu akapanda juu, akaonekana toka mlangoni.

"Haya, mwoneni sasa!" alisema. Siku hiyo alikuwa na furaha ya kuudhi.

Wageni wakaja mchana, kila mmoja na kitenge. Kitenge cha mtoto hakiwekwi mezani, mtoto hufunikwa nacho, ndiyo heshima yenyewe. Frida kalala, kachoka. Bibi yuko jikoni anakaanga samaki, migebuka. Mtoto alikuwa amelazwa ubavu. Wa mwisho kuingia alikuwa Yunisi, dada yake Martini. Akaweka kitenge chake juu ya vingine, akatoka. Tukala. Bibi alipokwenda kumchukua mjukuu akanyonye, aliondoa kitenge kimoja kimoja, akakuta uso umezama kwenye mto. Yowe lile nalisikia mpaka leo.

Msibani watu wakatafuta wa kumbebesha lawama, wala hawakwenda mbali. Yunisi hana mtoto. Yunisi aliingia mwisho. Yunisi ana jicho. Martini akamwambia dada yake wa tumbo moja, "Toka kwangu kabla sijakufanyia kitu." Yunisi analia, anatafuta kandambili zake, hazioni na ziko miguuni pake.

Hapo Marcelina akasimama katikati ya mkeka.

"Mwacheni huyo mtoto wa watu. Mto nilishona mimi. Kalala kwenye mto wangu, kakosa hewa. Jicho gani mnalotafuta? Mkono huu hapa."

Mtu akamvuta gauni. "Mama Frida, kaa. Ni uchungu huo, hujui usemalo."

"Najua."

Frida alimtazama mama yake, kisha akageukia ukutani. Hakugeuka tena mpaka tulipoondoka.

Yunisi akapona. Marcelina akabaki bila mjukuu, bila binti. Frida hakukanyaga tena Buzebazeba. Tukimwita Mama Frida haitiki. "Niiteni Marcelina," anasema, "hilo jingine limekatwa." Sufi yote ya nyumbani mwake aliichoma nyuma ya choo, akawa analala mkekani. Nikamwambia mgongo utakufa huo. Akasema, "Acha ufe."

Frida akapata mimba nyingine. Mama mtu alizisikia habari sokoni kama mtu baki. Akaenda kliniki, akakaa benchi moja na wasichana wenye matumbo. "Bibi, nawe umebeba?" wakamcheka. Alitaka nesi amwambie mtoto alazwe vipi. Nesi akamwambia: chali, kila anapolala, hata usingizi wa mchana. Kigodoro kiwe kigumu, bapa, kienee kikapu sawasawa. Mto hapana, nguo za kulegealegea hapana, uso uwe wazi. Kikapu kikae sakafuni, si juu ya kitanda. Na mtoto akianza kujigeuza, kikapu basi.

Marcelina akasuka kingine, kirefu vilevile, kitako bapa kisichoyumba, mbavu zenye matundu ya kupitisha hewa. Frida alipotoka kujifungua tukakipeleka Ujiji. Nilimsindikiza mimi.

Frida alikipokea mlangoni. Akatia mkono ndani, akapapasa kote, akabonyeza kigodoro. Hakikubonyea.

"Kikapu kiingie," akasema. "Wewe, Mama, kaa hapo."

Akakaa barazani. Na kesho yake akaja tena, na siku zilizofuata. Mgeni akifika na salamu yake ya Kiha, anapokonywa kitenge kabla hajavuka kizingiti, kinatundikwa kambani.

"Mwidiwe! Tumekuja kumwona mtoto."

"Mwidiwe. Leta kitenge."

"Nimemletea mtoto, sijakuletea wewe!"

"Mtoto hana mwili wa kuvaa duka zima. Leta."

Mwingine akapaza sauti toka ndani, "Mbona mmemweka shimoni? Mtieni hata kamto tumwone!"

Marcelina hakugeuza hata shingo. "Ukitaka kumwona, inama. Magoti hayajakuoza."

Wakamwita askari, wakamwita bibi mchoyo. Kumbe huyo askari mwenyewe mtoto hajamwona. Hakuambiwa ingia, naye hakuingia. Alimjua kwa chafya na kilio tu. Kikinyamaza ndani kwa muda, anaacha kuongea, anasikiliza, mpaka Frida akohoe au aseme neno.

Juzi nimefuata tenga langu Buzebazeba, nikamwona Frida anakuja, kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Akakitua mlangoni.

"Ameanza kujigeuza," akasema. "Hakimfai tena."

Marcelina alikuwa mkekani, matete mapajani. Akafuta mikono kwenye gauni, akainyoosha.

Frida akaitazama ile mikono. Hakufungua mbeleko. Akageuka, akachuchumaa polepole, mpaka uso wa mtoto ukawa sawa na uso wa bibi yake.

"Mtazame, Mama."

Mikono ikarudi mapajani. Akamtazama.