Lusia Hakuambiwa Tunahama

Msichana aliyenitajia majina ya baba yake na mama yake, nami nikayaandika mbele yake, alikuwa amezikwa miaka sita kabla ya siku hiyo. Sikuota. Sikuwa nimeonja ulanzi, pombe ya mianzi, hata funda moja, na ilikuwa saa tisa alasiri. Ukitaka kucheka, cheka. Wengi wamecheka kabla yako. Mimi nitakueleza kama nilivyoona, jambo baada ya jambo, kisha utaamua mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati watu wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Kwetu ni Mbeya, lakini nilikuwa nimepata kazi ya ukarani Iringa, huko juu milimani ambako ukungu unaweza kukaa siku tatu bila kuondoka. Nilipewa kazi ya kupanda vilima nyumba kwa nyumba na kuandika kila kaya: baba nani, mama nani, wametoka wapi, watoto wangapi. Siku ya lori, watu wangeitwa kwa orodha hiyo.

Nyumba ya mwisho ilikuwa juu kabisa, na nyuma yake palikuwa na kichaka cha mianzi. Mlangoni alikaa msichana wa miaka kumi hivi, anamenya njegere. Nikamsalimu kwa salamu ya kwao, "Kamwene." Akaitikia bila kuinua kichwa.

"Wakubwa wako wapi?"

"Shambani."

Nikaketi kwenye gogo nikamuuliza yeye. Kwa nini nisimuulize? Watoto wa kule wanajua ukoo wao kuliko karani anavyojua kazi yake. Akanitajia baba yake, babu yake, na baba wa babu. Akanieleza kwamba baba alikuwa mkata mkonge upande wa Morogoro, na huko ndiko alikomkuta mama, binti wa mkata mkonge mwenzake. Mkataba ulipokwisha walirudi, wakashuka barabara kuu, wakapanda mlima kwa miguu siku nzima, mama akiwa mjamzito.

"Mimba yenyewe ndiyo mimi," akasema, akacheka kidogo. "Lusia."

"Wadogo zako?"

"Sina. Walikuja wawili, hawakukaa."

Nikaandika watu watatu. Nilipofunga daftari akaniuliza, "Kaka, tukihama, mimi nitachukuliwa na nani?"

"Si baba yako? Lori litawachukua wote. Nitaliita jina lako mimi mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Nilikuwa nimeshuka nusu ya mlima ndipo nikakumbuka kwamba muda wote ule alikuwa anamenya, lakini miguuni pake hapakuwa na ganda hata moja. Nikajiambia sikutazama vizuri.

Watu walikuwa wameambiwa lori litakuja Alhamisi. Likaja Jumatano. Mgambo walipita juu wakipiga filimbi, na kila mtu akateremka barabarani na alichoweza kubeba: magodoro, kuku, mitungi, milango iliyong'olewa. Nikasimama kwenye ngazi ya lori nikasoma majina. Nilipofika kaya ile nikaita baba, akapanda. Nikaita mama, akapanda. Nikaita, "Lusia!"

Hakupanda mtu. Nikaita tena.

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Karani, ninyi watu wa Mbeya mnaandikisha mpaka wafu? Rudi kwenu kwenye ndizi!" Wachache wakacheka, kisha wakajionea aibu.

Baba yake akashuka, akanishika mkono taratibu. Alikuwa mtu mrefu, mikono yake ina makovu ya miiba ya mkonge. "Mdogo wangu," akasema, "nani kakwambia jina hilo?"

"Yeye mwenyewe, baba. Juzi, pale mlangoni kwenu."

"Sisi tunaitwa Baba Lusia na Mama Lusia kwa sababu hatukupata jina lingine la kuitwa. Mtoto alikufa kwa surua, ana miaka minne. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye mianzi. Tafadhali usimwite tena, mama yake anasikia."

Mama alikuwa ameshasikia. Na hapa lazima nikueleze desturi ya ukoo wao, maana bila hiyo hutaelewa kilichomuuma. Familia ikihama, siku ile ile ya kuhama baba huenda makaburini alfajiri na unga. Huumimina ukawa kichuguu kidogo, akawaambia waliolala pale: tunahama, tunakwenda mahali fulani, tufuateni. Kichuguu kikisimama, wamesikia. Asipowaambia, watajuaje? Baba Lusia alikuwa ameutenga unga wake tayari. Lakini aliutenga kwa ajili ya Alhamisi.

"Baba Lusia, hatujamwambia!" mama akapiga kelele.

"Nitarudi kesho, mke wangu."

"Hatujamwambia! Niteremsheni!"

"Mama, kaa chini, mvua inakuja," mgambo akamwambia, wala si kwa ukali.

Wakati huo ukungu ulipasuka kidogo juu ya mteremko, nami nikamwona. Alikuwa anashuka njia ile, kifurushi kichwani, mkono mmoja umekishika kisianguke. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayejua kwamba atasubiriwa, kwa sababu ameahidiwa.

Dereva alikuwa anasubiri neno langu. Ningeweza kusema ngoja. Ningeweza kumwonyesha mama yake kwa kidole. Niliogopa, tena sikuogopa maiti. Niliogopa kuchekwa mara ya pili. Nikapiga bodi la lori kwa kiganja nikasema, "Twende."

Mvua ile haikuacha kunyesha kwa wiki tano. Daraja likachukuliwa na maji, na hapakuwa na njia ya kurudi juu. Kijijini Baba Lusia alijenga kibanda karibu na shule. Mama Lusia alipika, akapakua sahani tatu, na jirani akiuliza alijibu kwamba ya tatu ni ya mgeni. Hakumgombeza mumewe hata siku moja. Ingekuwa heri angemgombeza, maana yule bwana alikonda mbele ya macho yetu.

Mvua ilipokatika tulipanda wote watatu. Njiani niliwaeleza kila kitu: njegere, ahadi, kifurushi, neno nililomwambia dereva. Nilitegemea kupigwa. Mama Lusia alisimama tu akaniuliza, "Ana kimo gani sasa?"

Nikaonyesha kwa kiganja kilichosimama, kama tunavyoonyesha kimo cha mtu. Akakitazama kiganja changu muda mrefu. Mtoto wake alikufa akimfika kiunoni. Kiganja changu kilikuwa usawa wa kifua chake.

"Kumbe anakua," akasema. Mumewe akageuka, akalia akiwa ametupa mgongo.

Nyumba haikuwa na paa tena. Baba Lusia akapiga magoti kwenye mianzi, akamimina unga. "Lusia, mwanangu, nisamehe. Tunakaa bondeni sasa, karibu na shule, nyumba ya nne kutoka kisimani. Njoo." Kichuguu kikaporomoka. Hapakuwa na upepo, naapa. Akakikusanya tena, akamwita tena. Kikaporomoka. Mara ya tatu hakikuwahi hata kusimama, unga ulitawanyika kama umemwagwa juu ya maji.

Mama Lusia akamgusa bega. "Acha, baba. Unaongea na udongo. Ameshaondoka kutufuata."

"Kutufuata wapi, na hakuna aliyemwambia?"

Tulishuka jioni ile.

Habari zake zilianza kutufikia mwaka uliofuata. Muuza mkaa wa Kihesa alisimulia kwamba msichana mwenye kifurushi alimuuliza lori la watu wa milimani lilipita wapi. Baada ya miaka miwili au mitatu, mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni alinieleza yayo hayo, ila yeye alisema ni binti mkubwa kidogo, kama wa miaka kumi na mitatu. Niliandika kila habari: nani kaniambia, wapi, alivaa nini. Kila aliyemwona alimkuta amekua kidogo. Kila mara niliwapelekea wazazi wake, na mama alisikiliza kama mtu anayesomewa barua.

Baba Lusia hakungoja mwisho wa habari hizo. Alifariki kabla ya muongo ule kwisha. Siku zake za mwisho alimsihi mkewe amzike kule juu kwenye mianzi, labda mtoto atapita tena. Wazee wa kijiji walikataa. Njia ilikuwa imeliwa na msitu. Tulimzika bondeni.

Mimi nilirudi mkoani kwetu, nikapata kazi Chunya. Na wewe unayenisikiliza, kama unahama nyumba, hata kama gari liko nje linapiga honi, teremka. Waambie waliolala pale unakokwenda. Na usimwahidi mtu jambo kwa niaba ya wazazi wake, hata kama anaonekana ni mtoto tu anayemenya njegere. Tangu siku ile sijaweza kusema neno "kweli" bila kumwona akiteremka ule mlima.

Miaka mingi baadaye, dereva wa lori la tumbaku aliingia ofisini kwangu Chunya, mwekundu kwa vumbi. Akaniuliza kama mimi ndiye yule karani aliyewahi kufanya kazi Iringa. Alikuwa amekutana na mwanamke kijana barabarani, anamuulizia karani. Alimpa lifti akakataa, akisema atafika kwa miguu. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto mchanga.

Nilisafiri mpaka Iringa kumweleza Mama Lusia. Alikuwa amezeeka, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Akapangusa uso kwa ncha ya kanga, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamwona anatabasamu.

"Nimepata mjukuu," akasema. "Wa kike au wa kiume?"

Maishani mwangu nimeuliza watu maswali maelfu, lakini hilo sikumuuliza yule dereva. Nilirudi Chunya mbio kumtafuta. Wenzake waliniambia ameacha kazi, amekwenda kwao, na hakuna aliyejua kwao ni wapi.