Maafisa Saba wa Albamu ya Nyanya

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa Ganjoni kwa mama mdogo. Binti yake anaposwa, na wageni walipoketi mama mdogo akawapa simu watazame picha za ukoo. Simu jamani! Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kwani niliikumbuka albamu ya nyanya, na maafisa wangu saba.

Nilikuwa na miaka tisa, Mji wa Kale, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ndege za jeshi la Ujerumani zilikuwa zimepiga kambi Mombasa kulinda bahari, na maafisa wake wa anga walikuja kununua vinyago kwa jirani yetu. Nyanya akikaanga kaimati barazani, mimi nikiwapelekea sahani, harufu ya iliki ikinifuata uchochoroni. Siku moja afisa mmoja akanipa picha yake, kasimama kando ya ndege. Mbele akatia sahihi, nyuma akaandika jina langu. Basi nikaingiwa na wazimu, kila aliyekuja nikamwomba! Mchana watu wakilala, nilizipanga mkekani, nikajiona niko nao mawinguni, na Mombasa yote chini imekuwa ndogo kama sinia.

Ili zisichakae, nikazipachika katika albamu ya nyanya, chini ya nailoni, baina ya mashangazi na maharusi. Na kwetu, mgeni akingoja sharubati hupewa albamu.

Wakaja wanawake kutoka Majengo kumposa mama mdogo kwa ajili ya kijana wao. Mama wa kijana akafunua, akafunua, akasita.

“Bi mkubwa, hawa wazungu wenye sare ni nani kwa binti yenu?”

Mama mdogo aliinama, machozi yanamdondoka, na mimi nilijua jinsi alivyompenda kijana yule. Nikaona maji yamezidi unga.

“Ni zangu mimi,” nikasema. “Jina langu liko nyuma.”

“Hebu tuonyeshe, mwanangu.”

Na wewe unalijua joto la Mombasa: picha hugandana na nailoni. Nilipoibandua ya kwanza, uso wa afisa ulibaki vipande vipande kwenye nailoni, mkononi nikabaki na karatasi nyeupe yenye jina langu. Mama wa kijana akasema yatosha.

“Zote,” nyanya akasema. “Pasibaki neno.”

Nikazibandua zote saba, huku nalia.

Mama mdogo akaolewa. Maafisa wakaenda zao, duka la jirani sasa lauza vifuniko vya simu, na nyanya ametangulia mbele ya haki. Sura za wale watu sikumbuki hata moja, na yaniuma, sikufichi. Ningerudishwa leo sebuleni pale, ningezibandua tena. Ila ningelia kwa kelele zaidi.