Wadudu Niliowamwaga Mto Ruvu

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mto lilikuwa kupenda chupa nzuri. Ofisi ya maji ya Same ilinituma nichote wadudu wa Mto Ruvu wa huku Upare, mkondo wa juu na wa chini ya kiwanda cha mkonge, kwani wadudu huonyesha afya ya maji. Nami, niliyejifunza peke yangu kwa kioo cha kukuzia, chini ya kiwanda niliweka wale wachache wenye mikia mitatu, wasiovumilia uchafu, nikaimwaga minyoo myekundu kwa sababu iliharibu sura ya chupa. Mama Mbonea, mwenyeji wangu kule juu ya kiwanda, aliponiuliza habari za maji, nikamwambia kwamba mto wote ni mzima. Nilipotambua kwamba minyoo ile ndiyo iliyokuwa dalili ya uchafu, usingizi ulinitoka. Nikaomba kurudi.

Same, asubuhi. Treni ya Tanga ilijaa, lakini kando yangu hakuketi mtu kwa ajili ya wavu wangu ulionuka matope. Mzee mmoja mwenye ndizi kutoka Mamba, kule milimani, aliuliza kama navua watoto wa samaki. Abiria wakacheka. Nilitaka kucheka nao, nikachelewa.

Kutoka stesheni niliyoshukia nilitembea peke yangu katikati ya mkonge, milima ya Upare ikiwa mgongoni. Chini ya kiwanda maji yalinuka makapi yaliyochacha. Nikatia wavu, mara hii bila kuchagua. Minyoo myekundu ilijaa tele. Wenye mikia mitatu walikuwa wa kutafutwa.

Karibu na hapo niliona nyumba mpya, udongo wa kuta bado mbichi. Akatoka Mama Mbonea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Bwana Wadudu. Umetufuata?"

Alieleza kwamba kwa neno langu walihama kutoka juu ya kiwanda, wawe karibu na shamba. Mtoto wake mdogo alikuwa akiharisha tangu wahamie. Walidhani ni meno.

Nilimwonyesha chupa, nikamweleza yote, hata niliowamwaga. Aliuinua mtungi wake na kuyamwaga maji nje ya mlango.

"Mimi sikukuomba wadudu wazuri," alisema. "Nilikuuliza habari za maji."

Jioni alinipa makande. Yeye na mumewe walikula ndani, mimi nikala uani. Asubuhi nilipanda treni ya kurudi bila kuagwa.

Siku hizi sichagui. Kinachoingia wavuni kinaingia chupani. Familia ile imerudi juu ya kiwanda, na mtoto amepona. Nami nikipelekwa huko, nalala stesheni.